Bei Njoo Inboksi: Mambo Tisa Yaliyogeuka Tangu Soko Lihamie Kiganjani

Miaka 15 iliyopita, mtu wa Dar es Salaam akitaka viatu alipanda daladala mpaka Kariakoo. Leo viatu vinamfuata yeye kitandani, saa tano usiku, tena vikiwa na muziki. Badiliko hilo limegusa namna tunavyotafuta vitu, tunavyopatana bei, tunavyomwamini mtu tusiyemjua na tunavyogombana naye mzigo ukifika na rangi nyingine. Mimi nalipenda soko hili, nalitetea mbele ya wanaolibeza, na yamo humo mambo mawili matatu yanayonikera kweli kweli. Basi tuhesabu kwa kushuka, tuanze na jepesi tumalizie na zito. Ukijiona humu, karibu ukae, tuko wengi.

9. Tangazo halina tena saa yake

Zamani tangazo lilikuwa na adabu ya mgeni: linabisha hodi baada ya taarifa ya habari, linaeleza shida yake, linaondoka. Sasa limehamia kabisa. Liko katikati ya picha za harusi ya binamu yako na za msiba wa jirani, na linajua unapokaa. Muuza mabegi mwenye fedha isiyofika nauli ya Morogoro anaweza kuomba picha yake ionwe na wanawake wa Mwanza wa miaka 25 hadi 40 tu, na wengine wote wapitwe. Redio haikuwahi kumchagulia mtu msikilizaji namna hiyo. Ukiona mashine ya kukamulia juisi inakujia mara nne kwa siku, ujue jana uliikodolea macho kuliko ulivyomtazama mwenzio mezani. Simu iliona. Mwenzio naye aliona.

8. Stetasi ya shangazi

WhatsApp ilileta stetasi za picha zinazofutika baada ya saa 24 mwezi Februari 2017, na shangazi zetu wakaelewa kazi yake kabla ya vijana. Januari 2018 ikaja WhatsApp Business, Novemba 2019 ikaongezewa katalogi, lakini wengi stetasi inawatosha: asubuhi vitenge, mchana visheti na kashata, jioni dua ya kuwatakia watu usiku mwema, halafu kitenge kimoja tena kwa waliochelewa.

Uzuri wa duka hili ni kwamba mnunuzi ana namba ya muuzaji, na muuzaji anamjua mama yake mnunuzi. Kutapeliana hapo ni kazi ngumu, maana kufikia Ijumaa ukoo mzima utakuwa na habari. Taabu yake moja ni kwamba muuzaji anaona nani katazama. Mbele ya duka la barabarani unaweza kupita ukijifanya una haraka. Kwa shangazi hupiti. "Mwanangu, shikamoo yako sijaisikia lakini nimeona umetazama batiki. Nikuwekee ile ya kijani?" Utajibu nini? Utajibu shikamoo shangazi, niwekee. Na batiki utaivaa, na itakupendeza.

7. Belo linafunguliwa laivu

Muuza mitumba alikuwa akifungua belo alfajiri, na waliowahi ndio waliopata vya maana. Pale Gikomba, Nairobi, nguo hizo za mwanzo kabisa wanaziita kamera. Waliokuja mchana waliambulia fulana za mbio za hisani za miji wasiyoijua. Siku hizi belo linafunguliwa TikTok, usiku, mbele ya watu ambao hata kanga hawajajifunga. Dada anainua koti, anataja bei, anasubiri. "Nani kasema langu? Andika langu na namba yako!"

Hapo ndipo tabia yetu ilipogeuka. Sokoni unashika kitambaa, unageuza mshono, unaondoka kwa madaha ukitarajia kuitwa, unarudi. Kwenye laivu una sekunde chache, na majina ya wenzako yanapita chini ya kioo mbiombio. Mara unajikuta unalitaka koti kwa sababu Mama Junia wa Mbeya ameanza kuliandika, na Mama Junia humjui. Dukani tulinunua tulichokikosa. Kwenye laivu tunanunua kile ambacho mwingine yuko karibu kukichukua.

Pamoja na hayo, naiona laivu kuwa ndiyo biashara ya mtandaoni iliyo wazi kuliko zote. Picha nzuri ya gauni yaweza kuwa imeibwa kwenye duka la China. Laivu haiibiki. Ukisema "geuza ndani, dada", anageuza. Ukiuliza doa, analisogeza mbele ya kamera na watazamaji wote wanaliona. Ulizeni basi, msione haya. Nina ombi moja tu kwa wenzangu wa Dar es Salaam: koti la manyoya la pili, hapana. Joto la Februari liko palepale.

6. Nyota amechaguliwa kabla kampuni haijaamka

Zamani kampuni ikitaka sura ya tangazo ilikaa kikao, ikamtafuta mwanamuziki au mchezaji, ikampiga picha ameshika chupa. Sasa mtazame Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani. Yeye na dada yake Neema, shuka mwilini na vichaka nyuma yao, walikuwa wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ukamtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat. Kwa wenzetu wa Kenya, Aprili 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa ajili ya korona, Azziad Nasenya aliposti video fupi akicheza "Utawezana" ya Femi One na Mejja. Video ile ikamfikisha redioni na kwenye mikataba ya matangazo.

Hakuna mkurugenzi wa masoko wa Westlands wala Masaki aliyewachagua hawa. Watu walichagua kwanza, kampuni zikafuata zikihema. Mimi hilo nalishangilia kwa mikono miwili.

Nisilolishangilia ni kusifia kitu kwa malipo huku ukijifanya umekiokota tu sokoni. Instagram ina alama ya ushirikiano wa kulipwa tangu 2017, itumie. Hasa kwenye vipodozi. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, ila kopo lisilo na jina la kiwanda, linaloahidi weupe ndani ya siku saba, halipiti TBS. Linapita kwenye ukurasa wa mtu maarufu. Binti wa miaka 17 anamwamini kwa sababu amemzoea kama dada yake. Uso ukishaungua, yule dada hana namba ya simu. Ukilipwa sema umelipwa, hakuna atakayekuhama. Tunajua nawe una kodi ya nyumba.

5. Mteja amegeuzwa bango

Umemaliza kusukwa. Kabla hujajitazama kwenye kioo, umeshageuzwa mbele ya taa ya duara na kuambiwa tabasamu. Kesho kichwa chako kiko mtandaoni, na nywele zako zimeleta wateja sita. Mpishi wa keki naye anaposti keki ya mwanao ikiwa na jina, umri na jina la shule.

Wengi tunafurahi, na msusi mzuri anastahili kusifiwa. Lakini idhini ni mali ya mwenye uso. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya starehe jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na si lazima uwe umeaga nyumbani kwamba unakwenda mkesha wa maombi ndipo ukasirike. Picha yako ni yako hata kama ulikuwa unakula chipsi tu. Wasusi na wapishi wa keki, swali lenyewe ni fupi: "Dada, naweza kukuposti?" Nane kati ya marafiki zangu kumi watasema ndiyo, na wawili wataomba kwanza wapake wanja.

4. Malalamiko yamepandishwa jukwaani

Kampuni iliyokuimbisha wimbo wake wa simu mpaka ukaujua mstari kwa mstari sasa inakujibu kwa dakika tatu, kwa jina lako, na emoji ya mikono iliyoshikana. Umeandika hadharani, ndiyo sababu. Wakenya ndio mafundi wa shughuli hii: wana kundi la Facebook liitwalo Buyer Beware, na pale X wakiungana juu ya bili iliyokosewa, msemaji wa kampuni hanywi chai siku hiyo.

Nafurahi, ila nawaza juu ya bibi mwenye kitochi. Bili yake imekosewa vilevile, na yeye bado yuko kwenye foleni ya dirisha namba nne. Huduma inayopimwa kwa wingi wa wafuasi imemruka.

3. Jioni ambayo duka zima lilizimika

Jumatatu, 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika vyote kwa takriban saa sita. Kwetu ilikuwa inakaribia saa moja jioni, wakati ambao wateja wamerudi kutoka kazini, wamekula, wamenyoosha miguu na wameshika simu. Wauzaji waliwasha na kuzima simu, wakalaumu bando, wakawalaumu watoto. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Ilikuwa Jumapili, Siku ya Akina Mama. Fikiria muuza keki na muuza maua: siku ambayo kila mtu aliyemsahau mama yake anakumbuka kwa mkupuo, na picha hazipandi.

Serikali nazo zimo. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii Julai 2018, watu wakakimbilia VPN, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bando. Tanzania ilifunga X mwezi Mei 2025, na aliyekuwa na wateja wake huko aliamka hana njia ya kuwafikia.

Mwenye wafuasi 40,000 asiye na namba ya simu ya hata mmoja wao anafanya biashara kwenye kiwanja cha watu. Waandike wateja wako kwenye daftari: jina, namba, saizi ya kiatu. Daftari halina waya wa kukatika.

2. "Bei njoo inboksi"

Hapa ndipo ninapogombana na wauzaji ninaowapenda. Gauni zuri, picha tano, saizi zote zipo, na chini yake: bei njoo inboksi. Haya, unakwenda.

"Habari, lile gauni la bluu shilingi ngapi?"

"Habari mpendwa, karibu sana. Upo wapi?"

"Sinza."

"Sawa bosi. Saizi gani?"

"Saizi 14. Bei?"

"Unalihitaji lini mpendwa?"

Tunalihitaji kwa harusi, mpendwa, na bibi harusi anakaribia kupata mjukuu.

Nimewasikiliza wauzaji, nao wana hoja. Wakiandika bei, jirani mwenye gauni lilelile ataandika yake ikiwa pungufu kwa elfu moja. Tena programu hizi hupenda mazungumzo: posti yenye maoni lukuki ya "bei?" husukumwa mbele kuliko ile ambayo hakuna aliyeuliza kitu. Na mteja akiona tarakimu kabla ya sifa, anakimbia. Naelewa yote matatu. Ipo sababu ya nne isiyosemwa. Muuzaji anafungua ukurasa wako, anatazama picha yako ya Zanzibar, anatazama gari uliloliegemea, ambalo huenda ni la shemeji, kisha ndiyo bei inazaliwa. Wa Sinza ana yake, wa Masaki ana yake.

Kupatana bei ni desturi yetu na siipigi vita hata kidogo. Lakini Kariakoo tunapatana kwa sauti. Mteja wa nyuma yako anasikia uliambiwa ngapi. Mbeba mizigo anacheka muuzaji akizidisha. Dalali anajitia katikati bila kualikwa. Masikio yale yote yanamshika muuzaji shati, na yanamzuia mnunuzi naye asitaje bei ya matusi. Inboksi haina sikio la tatu. Kila mnunuzi yuko peke yake gizani na muuzaji mmoja, hajui mwenzake alilipa nini dakika tano zilizopita. Simu ilipaswa kuturahisishia kulinganisha bei. Tumeitumia kuzificha kuliko zilivyowahi kufichwa mtaani.

Matokeo yake wote tumekuwa wakali. Mnunuzi anapiga picha ya skrini, anawatumia wauzaji watano kwa mpigo swali lilelile, halafu anawanyamazia wanne bila hata asante. Muuzaji aliyejibu "bei" mara mia kwa siku anaandika kwenye wasifu wake kwa herufi kubwa: KAMA HUNUNUI USIULIZE. Mgeni anasalimiwa kwa kufokewa mlangoni.

Wapo wanaoandika bei. Wana maswali machache, na anayekuja anakuja na fedha mkononi. "Elfu thelathini na tano, haipungui, Dar tunakuletea." Nimesoma barua za mapenzi zisizo na utamu wa sentensi hiyo.

1. Fremu isiyo na kilemba

Ukitaka fremu Kariakoo, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Anayeondoka kwenye fremu atataka kilemba chake, fedha ya kukuachia nafasi. Bado leseni, bado rafu, bado taa, na hujanunua hata soksi moja ya kuuza. Mama mwenye mtoto mchanga Mbagala, mwanafunzi wa chuo anayeuza manukato chumbani, mstaafu wa Tanga anayesindika achari ya ndimu inayoweza kupatanisha maadui: hao mlango ulikuwa umefungwa kwao. Simu imeufungua. Kwa hilo peke yake nausamehe mtandao mambo mengi.

Na tazama duka hili lilivyojengwa bila mjenzi mmoja. Picha zinakaa Instagram, iliyoanzishwa California mwaka 2010 na kununuliwa na Facebook mwaka 2012 kwa dola bilioni 1. Sanduku la fedha ni M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008, pamoja na ndugu zake waliofuata. Mjini anapeleka bodaboda. Mikoani linapeleka basi: mzigo unafungwa nailoni, jina na namba ya simu vinaandikwa kwa maka peni nene, unakabidhiwa wahusika pale Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na mteja anatumiwa picha ya risiti na namba za basi. Kesho yake yuko stendi ya Songea akimtafuta kondakta kwa uchangamfu wa anayempokea mgeni wa heshima. Jumia, iliyokuja na tovuti na mfumo wake wa kupeleka bidhaa, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wauzaji wa picha na kondakta wakaendelea kufunga nailoni. Naamini sababu moja ni kwamba kwetu hapa mtu hununua kwa mtu. Anataka kusikia sauti kwenye ujumbe wa sauti, aseme "usiniangushe dada yangu", aambiwe "siwezi, kaka yangu".

Ndiyo maana swali kubwa la soko hili ni fedha kwanza au mzigo kwanza. Dar es Salaam ni rahisi: boda anafika, unatazama, unalipa. Songea lazima mmoja atangulie kuamini. Basi mnunuzi amejifunza upelelezi. Anaangalia ukurasa una umri gani. Anaangalia kama maoni yamefungwa, na yakifungwa anakimbia, kwa haki kabisa. Anasubiri jina litokee kabla hajathibitisha malipo, alilinganishe na jina la duka. Tapeli naye anaiba picha za duka zuri, anafungua ukurasa unaotofautiana kwa herufi moja, anashusha bei nusu. Anayelipia wizi ule ni mama wa Mbagala, ambaye hajawahi kumdhulumu mtu. Mteja aliyeungua anamwambia "tuma mzigo kwanza", na yeye hana mtaji wa kutuma vitu vitano Songea vikarudi vitatu.

Wauzaji nimewasema vya kutosha huko juu. Sasa zamu yetu wanunuzi. Ukiandika "langu" kwenye laivu, mtu mwingine amenyimwa koti lile, lipa. Mzigo ukifika salama, rudi pale hadharani useme umefika, maana maneno yako mawili yanamlipia yule mama kilemba ambacho hakuwa nacho. Na jamani, hili la boda. Ameshafika getini, jua la saa saba, simu yako imezimwa na pazia linatikisika. Mafuta yale yametoka kwenye faida ya gauni moja, na faida yenyewe labda ni elfu tano. Kama umebadili mawazo, mwambie muuzaji kabla boda hajawasha pikipiki. Andika tu, "Samahani dada, mwezi huu nimebanwa." Atakuelewa, atalirudisha gauni kwenye enga, na mwisho wa mwezi atakutumia picha yake tena.